Shahidi wa Kimya

Meneja wa nyumba ya wageni alichukua shuka ya juu kabisa kwenye tenga, akaikung'uta, akaitandaza juu ya meza ya jikoni mbele ya Mpishi na wahudumu wawili waliokuwa wakimenya viazi, kisha akaweka kidole kando ya doa. Doa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya dengu, jekundu linaloelekea kahawia. Pembeni yake kulikuwa na jingine, na jingine tena, kama kwamba mtu alipita na brashi ya rangi akaipukuta makusudi.

"Mama Shuka," alisema, "hivi tutafika lini?"

Kisiwa kizima kilimwita hivyo. Shuka zote za nyumba ile, foronya zake, taulo zake na vitambaa vyake vya meza vilipita mikononi mwake kabla mgeni hajavigusa. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mjane, mwenye vidole vilivyochujuka kwa sabuni, na ulimi ambao majirani walisema unafua kuliko mikono.

"Meneja, hiyo ni kutu ya waya," alisema. "Nitabadilisha waya."

"Kutu gani inadondoka kama mvua? Watu wangu wanavuka maji kuja kumwona kipepeo ambaye hapatikani kwingine duniani, halafu nawalaza kwenye damu. Jana mgeni mmoja ameniuliza kama chumbani kwake kuna mtu aliuawa."

Mpishi akacheka. Labda asingecheka, mambo yangeishia pale. Lakini Mpishi alikuwa na kicheko kile cha puani, cha mtu anayekucheka huku akijifanya anapiga chafya, na Mama Shuka alikisikia kikimpanda mgongoni kama siafu.

"Nani anaanika?" Meneja akauliza.

Mlangoni alisimama mkamwana wake, tenga la pili kiunoni. Mtaa ulimwita Kimya kwa sababu tangu aolewe, miaka mitatu sasa, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mama Shuka angeweza kusema, "Tunaanika sote." Ndivyo ilivyokuwa. Badala yake akamnyooshea kidole.

"Muulize huyo. Mimi nafua, yeye anaanika. Na pale nyumbani, mwenye kuona damu kila mwezi ni mmoja tu."

Kiazi kilimponyoka mhudumu mmoja, kikabingirika mpaka chini ya jiko, na hakuna aliyeinama kukiokota. Kila mtu pale jikoni alijua kwamba Kimya hajapata mtoto. Walijua pia kwamba ni jambo ambalo nyumbani kwa Mama Shuka halikuwa likitajwa, na sasa limetajwa, tena mbele ya wanaume wasiowahusu.

Kimya alitua tenga taratibu, kama lenye mayai ndani.

"Mama, si mimi," alisema. "Naanika shuka zikiwa safi, naanua zina madoa. Nilishakwambia."

"Ulisema nini? Kwamba shetani ndiye anayapaka?"

"Nilisema sijui yanatoka wapi."

"Basi kama hujui wewe uliyekuwepo, atajua nani?"

Kimya akatoka, akaufunga mlango wa jikoni nyuma yake. Hakuubamiza.

*

Fundi Bomba, mtoto pekee wa Mama Shuka na mume wa Kimya, alizisikia habari akiwa amelala chali chini ya sinki la mteja. Mwenye nyumba, bila kujua anaongea na nani, alikuwa akimsimulia jirani dirishani: yule mama wa shuka kamvua nguo mkamwana wake mbele za watu. Fundi aliacha sinki linavuja, akarudi nyumbani na spana mkononi. Alimkuta mama yake anakamua foronya. Chumbani kwake kabati lilikuwa wazi nusu, upande wa mkewe.

"Mama, umesema nini?"

"Umeshasikia, sasa unauliza ya nini?"

"Nataka nisikie kwako."

Mama Shuka akaendelea kukamua. "Nilikuwa natetea kazi. Kazi iliyokusomesha hata ukajua bomba lipi la maji safi na lipi la maji machafu."

"Na mke wangu yuko wapi?"

"Kwao. Si mbali. Hasira zikipoa atarudi."

"Mama, umemsema mwenzio kwa jambo analolilia kila siku. Hasira zitapoa, hilo je?"

Mama Shuka akaitupa foronya kwenye beseni. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini aliyejikwaa ulimi, alijiambia, ana nini cha kufanya zaidi ya kutembea hivyohivyo?

Kesho yake akafua peke yake, akaanika peke yake. Alinunua waya mpya. Alisugua nguzo za kuanikia kwa mchanga na limau. Alihamisha kamba mbili kutoka upande wa barabara, akaziunga na zile zilizokuwepo upande wa ukuta wa nyuma, ule uliofunikwa na mtambaa wenye majani mazito yanayonuka ukiyavunja, ambao aliuacha ujiotee kwa sababu ulizuia vumbi. Aliziangalia shuka mwenyewe mpaka jua lilipomlazimisha kuingia ndani kunywa maji. Aliporudi kuanua, alikuta madoa saba kwenye shuka moja tu.

Alisimama na ile shuka mkononi. Kimya hakuwepo. Hapakuwa na mtu uani isipokuwa yeye, na lango lilikuwa limefungwa kwa ndani. Hapo ndipo alipojua, pasipo shaka yoyote, kwamba binti wa watu alisema kweli. Angeweza kuvaa viatu vyake saa ileile, akamfuata kwao. Badala yake aliikunja shuka madoa yakiwa kwa ndani, akaitia kwenye beseni la dawa ya kung'arisha, na mwanawe aliporudi akamwambia siku ilikuwa nzuri, jua lilikuwa zuri.

*

Aliyekuja kugonga lango alikuwa msichana mwembamba mwenye kofia pana na darubini kifuani. Mama Shuka alimfahamu kwa sura: mtafiti kutoka chuo kikuu cha bara, mgeni wa chumba cha mwisho kule kwa Meneja, mwenye kubadilishiwa shuka mara kwa mara kwa sababu alilala na matope ya porini. Mkononi alishika foronya.

Mama Shuka akajifunga kanga vizuri, tayari kwa vita. "Kama ni madoa, dada yangu, Meneja amekwishanipa ya kunitosha."

"Ni madoa," Mtafiti alisema, na uso wake uling'aa kama wa bibi harusi. "Mama, unaanika wapi? Naomba unioneshe. Tafadhali."

Alipofika uani hakuzitazama nguo. Alitazama juu, ukutani, kwenye ule mtambaa. Akaenda taratibu mpaka pale kamba ilipofungwa, akainua jani kwa kidole kimoja, akatoa sauti kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Njoo, Mama. Usiguse. Tazama."

Chini ya jani kilining'inia kitu mfano wa tone la nta, kijani, chenye mstari mweupe. Pembeni kulikuwa na vingine. Kando yake vilikuwepo vilivyopasuka, vitupu, vyepesi kama maganda ya karanga. Mama Shuka alikuwa amevipita kila siku akidhani ni matunda ya mmea.

"Ndani ya vijumba hivi ndimo anamokaa kiwavi anapogeuka kipepeo," Mtafiti alisema. "Ni yeye. Yule wa hiki kisiwa, mweusi mwenye mstari wa buluu. Kiwavi wake hali mmea mwingine ila huu. Akitoka, anakunjua mbawa, zikikauka kidogo anatoa tone la majimaji mekundu. Ni uchafu tu wa mwilini, kila kipepeo anatoa, ila ya wengi hayaonekani. Nilipoliona kwenye foronya nikajua: mahali wanapozaliana ni pale nguo hizi zinapoanikwa. Nimezunguka mlima huu wote, Mama, sikupata hata kimoja!"

"Si walikuwa wamejaa kule nyuma kwa Meneja?"

"Kule amefyeka. Anajenga bwawa la kuogelea. Na juu wamesafisha pa kuweka mnara wa simu. Wamebaki na wewe."

Mama Shuka aligeuza beseni, akalikalia. Mtafiti alikuwa akiendelea kusema, kuhusu mayai, kuhusu upepo, kuhusu kitabu atakachoandika, lakini mama wa watu kimawazo alikuwa jikoni kwa Meneja, kidole chake kimenyooka, na kiazi kinabingirika chini ya jiko. Mdudu. Mdudu asiyezidi kucha ndiye aliyempeleka mke wa mwanawe kwao.

"Dada yangu," alimkatiza, "twende kwa Meneja sasa hivi. Umwambie hayo. Umwambie kwamba si mkono wa mtu."

"Nitayaweka kwenye ripoti."

"Ripoti anasoma nani? Nataka useme kwa mdomo, pale jikoni, Mpishi akiwepo. Nilimtia mtu aibu pale."

Mtafiti akavua kofia, akaivaa tena. "Mama, hayo ni mambo ya familia. Sipendi kuingilia. Ila kesho asubuhi nitamleta mtu wa idara ya hifadhi. Mpaka hapo naomba usiguse kitu chochote. Usifue, sabuni ikiingia kwenye mizizi ni hatari. Na usiwashe moto uani."

"Nisifue?"

"Kwa muda tu."

"Dada, huku ndiko kwangu. Nisipofua, nafanya nini?"

"Ni kwa muda tu," Mtafiti alirudia kwa upole, akapiga picha ukuta, nguzo na kamba. Kabla hajaondoka alimwomba Mama Shuka asogee kidogo, kivuli chake kilikuwa kinaziba.

*

Fundi Bomba alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Ilipofika kwenye mtu wa hifadhi, akaingia stoo, akatoka na panga.

"Wanakuja kesho asubuhi, si ndiyo? Basi leo jioni hakuna mmea. Hakuna mmea, hakuna kipepeo. Hakuna kipepeo, hakuna hifadhi. Watakuta ukuta na kamba, na mama anafua."

"Utawaua."

"Meneja amewaua wangapi kule kwake? Umesikia amefungiwa? Ana kibali, amekitundika ukutani kwenye fremu. Sisi hatuna fremu." Alijaribu makali kwa kidole gumba. "Mama, wakiweka utepe wao wa kuzuia watu hapa hautatoka. Unakumbuka yule mwenye duka la samaki? Walimwambia wanapima barabara, kwa muda tu. Leo anauza vocha."

Hayo Mama Shuka aliyajua. Alijua zaidi ya hapo: kwamba barabarani hakuanikiki, ni vumbi tupu; kwamba juu ya bati hakuna ngazi inayoweza kumbeba; kwamba Meneja hasubiri mtu. Ua huu ndio uliomlea huyu anayeshika panga. Akamwona mwanawe anashika shina la mtambaa, nene kama kifundo cha mkono, na moyoni akasema, kata. Nusura alitamke.

"Ngoja," alisema.

"Ningoje nini?"

"Ukikata, mke wako atarudi kwa lipi?"

"Atarudi ukimwomba radhi."

"Nitamwambia nini? Kwamba si yeye, ni vipepeo? Wapi? Hawa hapa niliowafyeka? Watu watasema mama mkwe ametunga hadithi ya kipepeo ili apate mtu wa kumwanikia. Mtaa mzima umeshika kwamba binti yule ana doa. Nililisema mimi, na mimi nikisema halipo haitoshi. Mdomo wangu umeshaharibika." Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mwanawe, pale kwenye mpini. "Hawa ndio mashahidi wake. Hana wengine."

Fundi Bomba akaangalia ukuta, akamwangalia mama yake. Alikuwa na hasira za kutosha watu wawili na hakuwa na pa kuzipeleka. Mwishowe alilipiga panga kwenye kigogo cha kupasulia kuni, likasimama peke yake.

"Basi kamlete aone," alisema. "Kabla hawajafika hao na utepe wao."

*

Mama yake Kimya alifungua mlango kiasi cha pua.

"Umekuja na shuka au umekuja na domo?"

"Nimekuja kwa heri, mwenzangu."

"Heri haigongi mlango wangu siku hizi. Subiri hapo."

Akaufunga. Mama Shuka akasubiri kizingitini, jua la alasiri usoni. Watu walipita, wakamsalimia kwa sauti ndefu kupita kawaida, na kila aliyemsalimia aligeuka mara mbili. Aliwajibu wote. Miguu ilianza kumuuma lakini hakukaa, maana kukaa kwenye kizingiti cha watu ni kama kuomba, na aliona kwamba ameshakuja kuomba vya kutosha.

Kimya alitoka akijifuta unga mikononi. Alikonda kidogo, au pengine alikuwa hivyo siku zote na mama mkwe wake hakuwa amemtazama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimejua madoa yanatoka wapi." Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akichanganya kiwavi na kipepeo, na kutoka ndani ya nyumba ikasikika sauti ya mama mtu: "Jamani! Sasa ni wadudu!"

Kimya hakucheka. "Mume wangu amewaona?"

"Amewaona. Uje uwaone na wewe. Kesho mapema, maana wanakuja watu wa serikali."

"Nitakuja kuona," Kimya alisema. "Sijasema narudi."

*

Asubuhi Mama Shuka alikuwa ametundika shuka moja tu, nyeupe, safi kuliko zote alizowahi kuosha, chini ya ule mtambaa. Fundi Bomba alisimama kando, mikono mifukoni. Kimya alikuja na mama yake, ambaye alibaki langoni na mkoba kwapani kama aliyekuja kushuhudia mnada. Majirani wawili watatu walijitokeza juu ya ukuta wao, eti wanatafuta kuku.

Mtafiti na mtu wa hifadhi walifika wakati uleule. Mtu wa hifadhi alikuwa bwana mnene mwenye bando la utepe wa njano mkononi kama bangili. Hakumsalimia mtu. Akaanza kupima kwa hatua kutoka ukutani kuja kwenye mlango wa jikoni.

"Bwana, tupe nafasi kidogo," Mama Shuka alisema. "Kuna jambo letu hapa."

"Mama, mimi nina ukaguzi sehemu tatu leo."

"Kidogo tu."

Wakangoja. Vijumba vingine vilikaa kimya kama vifungo vya koti. Kimoja kilikuwa kimekuwa cheusi, na ndani yake mtu akikaza macho aliona mstari wa buluu. Kikapasuka. Kilichotoka hakikufanana na kipepeo. Kilifanana na kipande cha kitambaa kilicholowa, kilichokunjwa vibaya. Kikapanda mpaka ukingo wa jani, kikaning'inia, kikaanza kujinyoosha. Mama yake Kimya alikuwa ameshaacha lango, yuko katikati ya ua, mdomo wazi. Mbawa zilifunguka nyeusi, ule mstari ukapita katikati kama uzi uliopigwa kwa mkono wa fundi. Wakakaa hivyo kitambo. Hata mtu wa hifadhi aliacha kutazama saa.

Kisha tone likaanguka. Likadondokea kwenye shuka nyeupe, jekundu, likatanuka kidogo, likatulia. Ukubwa wa punje ya dengu.

"Haa!" jirani mmoja alipaza sauti juu ya ukuta. "Kumbe ndiyo hivyo!"

Mama Shuka alimgeukia mkamwana wake. "Umeona, mwanangu? Umeona? Wote wameona."

"Nimeona, Mama." Sauti ya Kimya ilikuwa ileile ya kila siku. "Lakini mimi nilikwambia kwa mdomo wangu. Nyumbani nilikwambia, na jikoni kwa Meneja nilikwambia. Huyu mdudu asingetokea, ungeniamini lini?"

Mama Shuka alifungua mdomo. Yeye, ambaye hakuwahi kukosa jibu sokoni, msibani wala mbele ya wakusanya ushuru, alitafuta neno la kusema akakuta pako patupu. Akakumbuka ile shuka aliyoikunja madoa yakiwa kwa ndani.

"Mama," mtu wa hifadhi akasema, "hii kamba itoke. Na hilo beseni. Kuanzia hapa mpaka hapa."

*

Utepe ulikata ua vipande viwili, na kipande kilichobaki kilitosha jiko na kiti. Mama Shuka aliuliza kuhusu fidia. Mtu wa hifadhi alisema fidia ni idara nyingine, iko bara. Mtafiti akasema ataandika kuwakumbusha. Fundi Bomba akauliza mbona kwa Meneja hakujawekwa utepe, na akajibiwa kwamba kwa Meneja hakuna kipepeo tena, kwa hiyo hakuna cha kulinda. Alicheka mpaka akainama, kicheko kibaya, kisha akaingia chumbani akakusanya nguo zake. Alipanga chumba kimoja nyuma ya soko, yeye na mkewe. Hakuondoka kwa ugomvi. Alimwambia mama yake atakuja kila jioni kumtazama, na kweli alikuja.

Mama Shuka alikwenda kwa Meneja. Hakuna aliyemtuma. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akasimama mahali palepale, akangoja Mpishi aweke chini mwiko.

"Nimekuja kusema jambo mbele yenu," alisema. "Siku ile nilimsingizia mkamwana wangu. Madoa ni ya vipepeo. Na lile neno nililoongeza halikuwa la kusemwa hata kama madoa yangekuwa yake. Nimekosa."

Mpishi aliangalia sakafu. Mhudumu mmoja alisema, "Tumesikia, Mama," kwa sauti ndogo.

"Sawa, sawa," Meneja alisema. "Nami nilikuwa nataka kukuona. Nimeagiza mashine ya kufulia, itafika na meli ijayo. Usichukie, biashara ndivyo ilivyo. Lakini kuna hili: wageni wangu wanataka kuja kwako asubuhi kuwaona wakitoka. Nitawaleta kwa vikundi. Wewe huna haja ya kufanya lolote."

"Watapita wapi?"

"Langoni kwako. Si ndiyo njia?"

Alitaka kumwambia maneno. Yalimjaa mdomoni, makali, yaliyopangika vizuri, ya kumfanya Mpishi asahau kupumua. Aliyameza. "Tutazungumza," alisema, akatoka.

Alidhani baada ya hapo atalala vizuri. Habari zilifika nyuma ya soko siku hiyohiyo, maana Mpishi hana siri. Lakini Kimya hakuja wala hakutuma salamu, na Mama Shuka akakasirika. Alimwambia mwanawe: nimeomba radhi mbele ya watu, nimepoteza kazi, uani kwangu sina ruhusa ya kumwaga maji, wageni wananiambia nisogee kwenye picha; anataka nini tena, nijilaze barabarani? Fundi Bomba alikuwa anafunga bomba la jikoni lililolegea. Alijibu bila kugeuka.

"Alikuuliza swali, Mama. Hujalijibu."

Alilala na neno hilo, akaamka nalo. Akafagia kile kipande chake cha ua. Akafungua lango kwa kikundi cha Meneja, akalifunga walipoondoka. Kisha akavaa viatu, akajitanda kanga, akaenda nyuma ya soko, akauliza mlango wa fundi wa mabomba, akaoneshwa.

Kimya alikuwa anapiga pasi mezani. Mama Shuka hakungoja kukaribishwa, wala hakuingia.

"Nimekuja kujibu," alisema. "Uliniuliza, yule mdudu asingetokea ningekuamini lini. Nisingekuamini. Ningekufa nikisema ni wewe. Na kibaya zaidi ya hapo, nilijua. Siku ya pili tu ulipoondoka nilianika mwenyewe nikayaona, nikanyamaza, kwa sababu kukuita urudi kungemaanisha nimekosea. Ndiyo jibu. Sina jingine."

Pasi ilikuwa imesimama hewani. Kimya aliiweka juu ya kibao chake, akachomoa waya.

"Hilo sikulijua," alisema. "Kwamba ulijua."

"Sasa unalijua."

"Linauma zaidi ya lile la jikoni."

"Najua, mwanangu."

Nje muuza mkaa alipita akiita wateja, akapotea kwenye kona. Kimya akaondoa rundo la nguo kwenye kiti kimoja kilichokuwemo chumbani, akalihamishia kitandani.

"Ingia ukae," alisema. "Jua kali."